Hazikati Hata Mlenda

Ukitundika jembe ukutani Dodoma, hakuna atakayekuuliza kitu. Wageni watajua una kashamba Hombolo, na kama mvua za Desemba zimechelewa watakupa pole kabla hawajaketi. Ukitundika picha ya Mwalimu, wataitikia kwa kichwa. Lakini tundika upanga wa kisamurai wenye bapa la bluu juu ya televisheni, uone. Kila atakayevua viatu mlangoni kwako atauliza swali moja, kuanzia fundi bomba hadi katekista: huu unakata nini?

Haukati kitu. Nina wa bluu, mwekundu, wa kijani, wa dhahabu, na mweusi mmoja ambao mpwa wangu anauheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi mjomba wake, na hakuna hata mmoja unaoweza kuchana nyanya mbivu. Zimezaliwa butu. Nyingi za aina hii hutoka Longquan, mji wa mkoa wa Zhejiang nchini China, ambako ufuaji wa panga ni kazi ya karne na karne. Siku hizi mafundi wa huko hufua za Kichina kwa wanaopenda za Kichina, na za Kijapani kwa sisi wengine. Zangu zilishukia Kariakoo, zikapanda basi kuja huku zimeviringishwa kwenye magazeti na nailoni. Karani wa vifurushi alipapasa ule wa kwanza, akafikiri, akaandika kwenye stakabadhi: "Vyuma vya pazia." Mke wangu ndiye aliyekwenda kuuchukua. Alifika nyumbani amefurahi, na dirisha alikuwa ameshalipima.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni huyo mpwa, mwanafunzi wa UDOM, ambaye kwa maelezo yake anasoma takwimu na kwa ushahidi wa simu yake anasoma katuni za Kijapani. Kuna moja inaitwa Demon Slayer, kazi ya Koyoharu Gotouge, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2016 na kuingia kwenye televisheni mwaka 2019. Humo wawindaji wa mashetani hupewa panga zao, na upanga ukishikwa na mwenyewe hubadilika rangi kulingana na mtu alivyo. Wa Tanjiro, kijana mkuu wa hadithi, uligeuka mweusi. Wa Rengoku ni mwekundu. Wa Zenitsu, yule mwoga anayelialia, ni wa njano wenye michirizi ya radi. Mpwa alinitazama juu mpaka chini, akanikabidhi wa kijani, akasema, "Mjomba, wewe ni wa upepo." Anasema ni sifa kubwa. Mimi nilihisi anazungumzia tumbo.

Rangi za kwenye katuni hutoka rohoni. Za dukani hutoka mahali pa kawaida zaidi. Nyingine ni rangi ya kupuliza tu, ukiikwaruza kwa kucha inatoka. Ule wa bluu ndio uliokuwa wa hali ya juu, maana chuma chake kilipashwa moto polepole hadi uso wake ukajifunika utando wa oksaidi, mwembamba kupita kiasi, na utando huo ndio unaochezea mwanga na kukudanganya kwamba unaona bluu. Chuma cheupe kikifika nyuzi joto 220 hivi huwa cha manjano, kikikaribia 280 huwa zambarau, kikifika 300 huwa bluu. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti pale Chang'ombe ameziona rangi hizo pembeni ya kazi yake kila siku, tena bure.

Utando huo ulikutana na shangazi yangu.

Shangazi anatoka Mvumi. Huja mjini kwa mambo ya kliniki, hukaa siku kadhaa, na hawezi kukaa siku kadhaa bila kushika kazi. Asubuhi moja, sisi tukiwa kazini, aliinua macho akaona chuma kimegeuka bluu, na kwake yeye chuma cha bluu kina maana moja tu: kuna mtu mvivu aliyeunguza kitu akakiacha. Akaushusha. Akatoka nao uani, akaketi kwenye kigoda, majivu upande huu, mchanga wa korongoni upande ule, stilwaya mkononi. Nimesimuliwa na binti wa kazi kwamba aliimba wakati wote. Tuliporudi jioni upanga ulikuwa umesharudishwa mahali pake, mweupe pe, unang'aa kiasi kwamba ungeweza kujitazamia meno. Shangazi alikuwa ameketi chini yake akisubiri.

"Mbukwenyi," alitusalimu. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, hii kutu mliiacha miaka mingapi?"

Mke wangu alikimbilia jikoni, nikamsikia akicheka na kichwa kimeingia kabatini. Mimi nilimshukuru shangazi. Utamfanya nini shangazi? Ameshaumia kiuno kwa ajili yako. Mpwa alipokuja wikiendi alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu, akasema katika vitabu vyote alivyosoma hakuna mtu hata mmoja ambaye upanga wake uligeuka rangi ya sufuria.

Kuna mtu mmoja ambaye angenielewa. Mwaka 1581 padre Mjesuiti aitwaye Alessandro Valignano aliingia Kyoto akifuatana na Mwafrika, ambaye mwandishi mmoja wa baadaye alimtaja kuwa mtu wa Msumbiji, yaani jirani yetu wa kusini. Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa anaitawala sehemu kubwa ya Japani, hakuamini kwamba ngozi inaweza kuwa nyeusi kiasi hicho pasipo kupakwa. Inasimuliwa kwamba aliamuru avuliwe mpaka kiunoni na asuguliwe. Wakasugua. Haikutoka. Nobunaga akampenda mno. Yasuke, kwa jina tunalomjua nalo, akapata nyumba, posho na upanga mfupi. Ndugu yetu alipata upanga kwa sababu rangi yake haitoki, mimi nikapoteza upanga kwa sababu yake inatoka. Na wale wasuguaji wa Kyoto washukuru kwamba hawakuwa na shangazi, maana sijui historia ingeandikwaje.

Kuhusu matunzo, mtihani ni mafuta. Upanga wa kweli wa Kijapani hauna rangi yoyote ya katuni. Ni wa kijivu, una mstari wa ukungu unaokimbia sambamba na makali, alama ya udongo uliopakwa kabla chuma chekundu hakijachovywa majini, nao hushika kutu upesi. Kwa hiyo Wajapani huupaka mafuta mepesi yenye karafuu. Niliposoma hivyo nilisimama. Karafuu! Niliagiza kichupa kutoka ng'ambo, kidogo kuliko cha dawa ya macho, nikalipia mafuta, posta na ushuru, kwa ajili ya harufu ambayo ingepanda boti Mkoani, Pemba, na kunifikia kwa nauli ya gunia.

Ukweli ni kwamba panga zangu karibu zote hazihitaji mafuta. Ni za chuma kisichoshika kutu au zimefunikwa rangi. Lakini mtu mwenye panga asipokuwa na siku ya kuzipaka mafuta atajionaje? Nilichagua Jumamosi. Nikazipanga mezani juu ya taulo, nikachukua kitambaa laini, nikaanza. Harufu ikatoka dirishani, ikavuka ukuta, ikaingia kwa jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, mpole sana. Mzee anaijua hiyo harufu. Ni pilau.

Akaja kusalimia. Akasalimia kweli: akauliza habari za kazi, za watoto, za mifugo ambayo hatuna, za watoto tena. Nikampisha kiti, nikaendelea kufuta. Akautazama mlango wa jikoni kwa subira ya mtu aliyefanya kazi serikalini. Ilipofika saa nane mke wangu akatenga ugali wa mtama na mlenda. Mzee akanawa, akamega, akavuta mlenda ukanyooka hadi nusu ya kifua chake, akatafuna kwa adabu zote. Wakati wa kuaga akanisogelea na kuninong'oneza: "Na ile nyingine ni ya wageni wa jioni?"

Tangu hapo mtaa mzima unatujua kama familia inayoficha pilau. Kichupa chenyewe hakikudumu. Shemeji yangu alikuja na jino linalomuuma, akasoma neno moja alilolielewa kwenye lebo, na karafuu kwa jino kila mtu anajua. Usiku ule alilala vizuri kuliko sisi.

Hali ya hewa ya huku ingetakiwa kuwa baraka. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, hazifikishi milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na chuma kinachotokwa jasho Dar es Salaam kinakaa Dodoma kikavu bila shida. Walakini kuanzia Juni upepo unashuka, na vumbi letu jekundu halibishi hodi. Upanga uliopakwa mafuta, likiulalia vumbi hilo, unageuka msasa: kila ukifuta unakwaruza. Ukavu nao una kazi yake. Ala ni vibao viwili vilivyochongwa na kugundishwa, na gundi iliyokauka kwenye unyevunyevu wa China ikifika huku inakata tamaa. Hilo aligundua shemeji, yule yule wa jino. Aliushika mweusi kwa ala, akaunyanyua juu ya kichwa apigwe picha, ala ikafunguka katikati, upanga ukashuka. Haukumkata. Nimeshasema hazikati. Lakini kilo moja na ushei ya chuma ikitua juu ya kidole gumba kilichovaa kandambili haina haja ya makali. Picha ipo, mdomo wake umeonekana wote, pamoja na jino.

Baada ya hapo akaja mjumbe wa shina, kwa kisingizio cha mchango wa ulinzi. Mchango nilikuwa nimeshalipa. Akaketi pembeni ya kochi, kofia magotini, akisoma ukuta kwa utaratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Minong'ono ilikuwa imemfikia: nyumba fulani ina panga za rangi rangi, Jumamosi hunukia viungo na hakipikwi kitu, mgeni mmoja alitoka anachechemea. Watu wa mtaa walikuwa wameshajumlisha wakapata Frimasoni.

Nikajitetea kwa hoja niliyoiona nzito. Nikamwambia, "Mzee wangu, Bunge likikaa hapa hapa mjini, Mpambe wa Bunge hutangulia mbele ya Spika amebeba siwa. Asili yake siwa ile ni rungu la vita. Umewahi kusikia limempiga mbunge?"

Akafikiri. "Sijasikia. Lakini lile lina kazi. Lisipokuwa mezani, Bunge halijakaa. Hizi zako zisipokuwa ukutani, nini hakijakaa?"

Nilitaka kukimbilia nembo ya taifa, nikakumbuka imebeba shoka, jembe, mkuki na ngao. Upanga haumo. Waasisi walikuwa watu wa kazi. Nikamwagizia mzee soda.

Hata mlinzi wetu wa usiku hakunipa nafuu. Ni Mmasai, na kiunoni ana sime ya kweli, iliyofuliwa kutokana na springi ya gari, imechanua kuelekea nchani, ndani ya ala ya ngozi nyekundu. Hajaiagizia mafuta popote. Hupaka yoyote yaliyo karibu. Usiku mmoja nilimwonyesha wa dhahabu. Akauchukua kwa mikono miwili, kwa heshima, akaupima uzito. Kisha akaichomoa sime yake akaigonga kwa ukucha, ikalia ting, ndefu, hadi mbwa akainua sikio. Akaugonga wangu. Tap. Akaugonga tena, kumpa nafasi mgonjwa. Tap. Akanirudishia taratibu.

"Bosi, pole. Huu ulikufa lini?"

Yote hayo yangevumilika kama si harusi ya binamu yangu. Bibi harusi aliona ule mwekundu kwenye stetasi ya mpwa, akauona unafanana na rangi ya sare ya kamati, akauomba kwa ajili ya kukatia ndafu. Ikaja kamati kamili: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nikawaeleza kwamba ni pambo. Nikawaeleza kwamba hauna makali. Mwenyekiti akasema makali hayajawahi kuwa tatizo mji huu, pale Majengo kuna fundi ana tairi la baiskeli lenye jiwe la kunolea. Nikafika kwenye hatari yenyewe: katika upanga wa kweli chuma kinaendelea hadi ndani ya mpini na kufungwa kwa kijiti cha mwanzi, lakini katika hizi za mapambo chuma kinaishia mlangoni, halafu kinachomelewa kijiti chembamba chenye nati mwishoni. Wenye kuzijua wanakiita mkia wa panya. Katibu aliandika kila kitu. Mweka hazina akauliza kama nitatoa mchango wangu taslimu au huu upanga uhesabiwe humo humo.

Siku ya siku, ndafu aliingia ukumbini amebebwa na wanaume wanne wenye kofia za upishi: mbuzi mzima, kahawia, amepiga magoti juu ya meza, jani mdomoni, karoti shingoni, miwani ya jua aliyovishwa na mtu asiye na kazi. Mshereheshaji akaagiza taa zizimwe zibaki za rangi. Upanga ukaletwa juu ya mto. Lazima niseme ulipendeza. Pale fundi wa Majengo alipopitisha jiwe rangi nyekundu ilikuwa imetoka, ukabaki ukingo mweupe uliometameta. Maharusi wakaushika pamoja, mikono minne juu ya mpini. Ukumbi ukahesabu: moja, mbili, tatu!

Waliushusha kwa nguvu za watu wawili waliokusanya michango ya harusi kwa miezi mingi. Ukamwingia mbuzi begani, ukagonga mfupa, ukasimama. Wakauvuta. Mpini ukaja. Bapa likabaki kwa mbuzi, limesimama wima linatetemeka chini ya taa za zambarau, na maharusi wamekumbatia kipande cha mbao kilichosukwa uzi.

Kwa sekunde moja hakuna aliyepumua. Kisha vigelegele. Ukumbi mzima ulidhani ndivyo ilivyopangwa. Mshereheshaji, ambaye analipwa kwa ajili ya sekunde kama hiyo, akapaaza sauti: "Mmeona wenyewe! Vita vimebaki kwa mbuzi, mshiko umebaki kwa maharusi!" Mama mmoja wa meza ya mbele alilia kabisa kwa kuguswa. Mpiga video akaomba warudie. Kisha mpishi akatoka nyuma na kisu chake cha mpini wa plastiki, akamgawa yule mbuzi kwa dakika chache bila kutokwa jasho, akazunguka pale chuma kilipochomeka kwa uangalifu wa mtu anayepalilia kando ya mti.

Kamati iliurudisha vipande viwili ndani ya mfuko, pamoja na kifurushi cha nyama. Jina langu kwenye orodha likawekewa alama ya "amemaliza".

Mtama ulipoanza kushika nafaka, shangazi akapiga simu kutoka Mvumi. Kwelea walikuwa wameingia. Zamani watoto walikaa dunguni kutwa kuamia ndege. Sasa watoto wako shule, dungu halina mtu, ndege wanakula kwa nafasi. Alikuwa ameukumbuka ule wa dhahabu, jinsi unavyomulika jua la saa kumi linapoingia sebuleni.

"Mwanangu, ule wa njano umekaa tu?"

Nikaupeleka mwenyewe. Tukaufunga kwa kamba kwenye mti wa katikati ya shamba, upepo ukaushika, ukawa unazunguka na kutupa miali hadi kwenye paa la jirani. Kwelea wakanyanyuka wote kwa pamoja. Shangazi akapiga makofi. Nilirudi mjini kifua mbele, na mlinzi nikamsimulia kwa kirefu. Baada ya siku chache nikampigia.

"Vipi, unawafukuza?"

"Mwanzoni waliuogopa. Sasa wanatua juu yake kupumzika, wakishapumzika wanashuka kula."

"Basi nije niuchukue."

"Uuchukue uupeleke wapi? Nimeanikia kitenge. Ila kule kona ya chini bado hawajazoea kitu. Niletee na ule mwekundu."

"Mwekundu ulivunjika kwenye ndafu, Shangazi."

"Niletee hivyo hivyo. Kwelea atajuaje?"